Kona ya Makali: kisu kimoja kikubwa, au vitatu vidogo?

Safari hii maswali karibu yote yamekuja na mada moja, watu wanataka kwenda kulala porini afu wanakwama kwenye vya kukatia, wabebe kisu gani, panga au shoka, msumeno wa nini, kwa hiyo nimeyapanga pamoja na mengine nimeyafupisha, mwenyewe akiona kapunguziwa maneno anisamehe.

SWALI: Fundi habari za kazi. Mimi na wenzangu tunaanza mambo ya kulala porini, siku mbili tatu hivi, kila kitu tunabeba mgongoni. Nimeona kisu kimoja hatari sana, makali urefu wa sentimita 25, mgongoni kina meno ya msumeno, mpini uko wazi ndani unaweka kiberiti na dira. Muuzaji kasema hicho kinamaliza kila kitu, sihitaji kingine. Ninunue?
– Mwanzo Mgumu

JIBU: Mwanzo Mgumu, usinunue. Na sisemi kwa kusikia, mi hicho kisu nilishakuwa nacho, tena nilikitembeza kiunoni kama mtu aliyepewa cheo. Siku ya kwanza kukitumia kweli ilikuwa jioni, mvua inanyunya, kuni zote za juu zimelowa, nikakiweka kwenye kipande cha gogo nikaanza kukigonga na rungu ili kipasue. Pigo la nne nikasikia tak! Kuangalia, chuma kimebaki kwenye gogo kimejichomeka kama kabari na mimi mkononi nimeshika mpini mtupu wenye dira na ndoano za samaki ndani. Usiku ule tulichanja kuni kwa kakisu ka mwenzangu ambako mchana kutwa nilikuwa nakacheka.

Kilichovunja kisu si bahati mbaya. Mpini ukiwa wazi ndani maana yake chuma cha kisu hakiingii mpinini, kinaishia pale mwanzoni kimeshikwa na skrubu au kimebandikwa tu, na pale pale ndo nguvu yote ya pigo inapokusanyika. Kisu cha kazi angalia msuka, ile sehemu ya chuma inayoingia kwenye mpini. Uwe mrefu, na kama hutaki wasiwasi kabisa chukua ambacho chuma ni kimoja kinapita mpini mzima mpaka mwisho, ukikitazama kwa juu unaona mstari wa chuma katikati ya vipande viwili vya mpini. Hayo meno ya mgongoni nayo ni mapambo. Msumeno wa kweli meno yake yamepindishwa kidogo moja kushoto moja kulia, au bapa lake limekondeshwa, ili njia inayokatwa iwe pana kuliko chuma chenyewe. Sasa kisu kina unene wa milimita 5 na meno yako pale pale kwenye unene huo, kinaingia kidogo tu kimeshabana. Afu mgongo wenye meno huugongi na rungu, unalitafuna rungu lote.

Tuanze upya basi. Usijiulize kisu gani, jiulize ukifika kule utakata nini, tena kaa uandike kabisa. Mtu wa kawaida akilala porini siku mbili anakata kamba, anakatakata vya kupika, anachonga vigingi vya hema viwili vitatu, anatoa maranda ya kuwashia moto, anakata matawi makavu yenye unene wa mkono, na anapasua baadhi ya hayo matawi ili apate mti mkavu wa katikati. Hebu angalia tena, kazi nne za kwanza zote ni za makali mafupi, ya tano ni ya msumeno, na ya sita ndo inayowafanya watu wakimbilie shoka au hilo lipanga lako la sentimita 25, kumbe wala haihitaji hivyo.

Kwa hiyo seti ninayompa kila anayeanza ni kisu cha ala (kisichokunjika), msumeno wa kukunja, na kakisu ka kukunja ka mfukoni. Imeisha hiyo.

Kisu cha ala kiwe na makali kama upana wa kiganja chako, yaani sentimita 9 mpaka 11. Unene milimita 2.5 mpaka 3.5, ukizidi hapo kinakuwa shoka baya badala ya kisu kizuri, unataka kukata kitunguu kinakipasua. Mpini usiwe na vishimo vya vidole, vile vishimo vimetengenezwa kwa mkono wa mtu mmoja na huyo mtu siyo wewe. Mgongo uwe umenyooka na kona zake kali, maana ukiwa na ile fimbo ya cheche, kijiti cha metali cha kuwashia moto, unaikwangua kwa mgongo, hugusi makali. Kwa ukubwa na mpini, mfano wake ni Mora Companion ya Sweden, makali kama sentimita 10, kikiwa na ala yake hakifiki gramu 150, na msuka wake wala haufiki mwisho wa mpini lakini watu wanakifanyia kazi miaka. Nakitaja ili ujue sura ya kitu ninachosema, wengine pia wanatengeneza.

Msumeno wa kukunja ndo watu wanaudharau, na mi ningeambiwa niache kimoja nyumbani ningeacha kisu kabla ya msumeno (haya wapenda visu njooni mnitukane). Chukua wenye bapa la sentimita 18 mpaka 24, uzito gramu 200 hadi 300 hivi, meno makubwa kama kuni zako nyingi ni mbichi, meno madogo kama ni kavu. Mingi ya aina hii inakata unapovuta, siyo unaposukuma, na hapo ndo wageni wanapoipinda. Unavuta kwa nguvu, unarudisha kama unapapasa. Tawi lenye unene wa mkono halikuchukui hata dakika na jasho halikutoki, jaribu kulikata hilo hilo kwa kisu uone.

Kitu kimoja cha kuangalia. Gogo likiwa limelala kwenye vishikizo viwili, huku na huku, katikati liko hewani, ukilikata kwa juu linajikunja kushuka na mdomo wa ulipokata unafumba, msumeno unanaswa. Hapo anza juu kidogo tu, afu malizia kwa chini. Tawi linaloning'inia upande mmoja ni kinyume chake, anza chini kidogo, malizia juu, la sivyo linachanika na ganda lake refu mpaka kwenye shina.

Sasa ile kazi ya sita. Ukishakata kipande cha sentimita 30 kwa msumeno, kisicho na fundo, unene wa sentimita 6 au 7, kisimamishe juu ya kigogo kingine, weka makali ya kisu juu yake, gonga mgongo wa kisu na kijiti kizito mpaka kizame, afu gonga ile ncha iliyotokeza upande wa pili huku mpini umeulaza sawa. Kinapasuka chenyewe kama biskuti. Unapasua nusu, robo, nusu ya robo, mpaka unapata vijiti vyembamba na ndani kote ni kukavu hata kama nje mvua imenyesha wiki nzima. Fundo ukiliona liache, chukua kipande kingine, mafundo ndo yanavunja visu.

Haya mambo ya vitatu wala sikuyaanza mimi. Kuna Mmarekani George Washington Sears, alikuwa anaandika kwa jina la Nessmuk, mwaka 1884 alieleza vyake: kishoka chenye makali pande mbili, kisu chembamba cha ala, na kisu cha kukunja. Alikuwa mtu mwembamba na alichukia mzigo kuliko kitu chochote, mtumbwi wake mmoja ulikuwa na uzito usiofika kilo 5. Yeye alichagua kishoka kwa sababu misitu yake ilikuwa ya baridi na moto ulitakiwa mkubwa usiku kucha. Wewe kama moto wako ni wa kupikia na kupigia stori, msumeno unatosha.

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi na kaka yangu tumebishana mpaka tumenuniana. Yeye anasema mwanaume porini ni shoka, mimi nasema panga linafanya yote. Tusuluhishe.
– Mdogo Mtu

JIBU: Marahaba mwanangu. Mnabishana kuhusu pori mbili tofauti, ndo maana hamkubaliani.

Panga ni la majani, miba, mizabibu ya porini, vichaka vilivyofunga njia, miti midogo mibichi yenye maji. Vitu hivyo vinayumba, ukivipiga kwa kitu kizito vinainama tu vinakurudia usoni. Vinakatwa na kasi, na kasi unaipata kwenye bapa jembamba refu, milimita 2 au 3, sentimita 45 hivi. Piga kwa mshazari, usipige mlalo, shina la kijani likipigwa kwa mshazari linakatika kwa pigo moja na likipigwa mlalo linapiga kelele tu. Halafu nguvu itoke kwenye kiwiko na kifundo cha mkono mwishoni kabisa, ukifyeka kwa bega zima nusu saa tu umekwisha.

Shoka ni la mti mgumu, mkavu au ulioganda kwa baridi, na kazi yake kubwa ni kupasua. Shoka ni kabari yenye mpini. Panga ukilipeleka kwenye gogo kavu gumu linadunda au linapata pengo, na shoka ukilipeleka kwenye kichaka utachoka na kichaka kitabaki kinakuangalia.

Kwa hiyo pori lenu likiwa limefunga na la kijani, wewe umeshinda, panga na kisu kidogo vinatosha na msumeno mkitaka. Likiwa la baridi, miti mikubwa, moto wa kulalia, kaka yako kashinda. Likiwa la wazi, nyasi na mawe, au mlima mtupu usio na miti, wote mmeshindwa, bebeni kisu kidogo muende zenu maana hamna cha kukata.

Ila kama kaka anang'ang'ania shoka mwambie haya. Vile vishoka vifupi vya mpini wa sentimita 30 vinaonekana salama kwa sababu ni vidogo, kumbe ndo hatari zaidi. Shoka refu ukikosa linapiga ardhi, fupi ukikosa linaendelea na mzunguko wake mpaka linafika kwenye goti au muundi. Kishoka kinatumiwa umepiga magoti, na kigogo cha kukatia kiko mbele yako, ili ukikosa lipige chini kwanza. Mpini aukague kabla ya kununua, auangalie kwa mwisho wake, mistari ya mti ifuate mwelekeo wa makali, ikikatiza upande kwa upande siku moja unavunjika na kichwa kinaruka kwenda kusikojulikana. Na asikate juu ya ardhi tupu, jiwe moja tu na makali yote yamekwenda.

SWALI: Fundi nimeuziwa feki. Kisu kizuri cha bei, nimekitumia safari moja, nikakifuta, nikakirudisha kwenye ala yake ya ngozi. Baada ya wiki tatu natoa kina madoa mekundu ya kutu! Nikamdai muuzaji?
– Nimeumia

JIBU: Pole, lakini muuzaji mwache, hujauziwa feki. Ulichonunua ni chuma cha kaboni. Chuma kinaitwa stenlesi kikiwa na kromiamu angalau asilimia 10.5, hiyo kromiamu inatengeneza utando mwembamba juu unaozuia kutu. Chako hakina hiyo, na wanaotengeneza hawajasahau. Chuma cha kaboni kinanoleka kirahisi hata kwa jiwe baya, na kinachukua makali makali kweli. Bei yake ndo hiyo kutu.

Kosa lako ni ala. Ngozi inanyonya unyevu na kuuhifadhi, kwa hiyo ulikilaza kisu kwenye blanketi bichi wiki tatu. Ala ya ngozi ni ya kutembelea, nyumbani kisu kikae nje ya ala, kavu, na tone la mafuta umelipaka kwa kidole. Mafuta ya kula yanafaa kama unakatia chakula, ila yakikaa sana yanakuwa gundi. Hayo madoa yasugue taratibu na mafuta na sufi nyembamba ya chuma, yatatoka yaache kivuli cha kijivu. Hicho kijivu kisikutishe wala usikisugue, kinakuja chenyewe ukikata matunda na nyama, na kinasaidia kidogo kuzuia kile chekundu. Chekundu kinakula chuma, kijivu kinakilinda.

Ukienda baharini au kuvua, hapo usijitese, chukua stenlesi. Maji ya chumvi na chuma cha kaboni hawapatani hata usiku mmoja.

SWALI: Hivi ile plaizi ya kukunja yenye vitu kumi na nane ndani siyo ndo jibu la yote haya? Ina kisu, ina msumeno, ina mkasi.
– Mvivu wa Kubeba

JIBU: Ni jibu zuri la swali lingine. Tim Leatherman, Mmarekani aliyebuni plaizi ya namna hiyo, wazo lilimjia mwaka 1975 akizunguka Ulaya na Fiat kuukuu iliyokuwa inaharibika kila siku, alikuwa na kisu mfukoni ila alichokosa ni plaizi. Akahangaika mpaka 1983 ndo akaanza kuiuza. Sasa ona alichokuwa anatafuta: kitu cha kutengenezea gari na mabomba, siyo cha kuchonga kuni. Jiko lako la gesi likigoma, zipu ya hema ikichomoka, waya umekaa vibaya, hapo plaizi inakuokoa na kisu changu nilichokisifia hakina msaada wowote. Lakini msumeno wake urefu wa kidole unakata kitu unene wa kidole, na ukishika ule mpini wenye kona za chuma ukachonga kwa nusu saa, utakuwa na malengelenge ya kuonyesha watu.

Mi naiweka kwenye nafasi ya kile kakisu ka kukunja, ya tatu kwenye seti, kwa mtu anayependa kurekebisha vitu. Asiyependa, kisu chekundu cha Uswisi kinamtosha, mtengenezaji wake Karl Elsener alikisajili kisheria mwaka 1897 na hadi leo mkasi wake ni bora kuliko mikasi mingi ya nyumbani. Au Opinel ya Ufaransa, bapa jembamba, mpini wa mti, na ile pete ya kuzungusha iliyoongezwa mwaka 1955 ili lisijifunge kwenye vidole. Mpini wake ukilowa unavimba na kisu hakifunguki kwa kucha, hapo usilazimishe na meno, legeza pete, gonga kisigino cha mpini kwenye kitu kigumu, bapa linachomoza lenyewe.

Kitu kimoja tu usifanye, usigonge kisu cha kukunja na rungu. Hata chenye loki. Ile kazi ya kupasua yote inaishia kwenye pini moja nyembamba na loki ndogo, na vidole vyako vinne vimekaa pale pale vinangoja.

SWALI: Fundi mi vyote ninavyo, kisu, panga, msumeno. Tatizo langu vyote vimekuwa butu na kila nikinoa naona kama naharibu zaidi. Natumia jiwe, navuta huku na huku, lakini wapi.
– Butu

JIBU: Hili ndo swali langu nililokuwa nalisubiri, maana mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na nusu ya wanaoniuliza wanunue kisu gani kipya wangenoa cha zamani wasingeandika barua.

Tatizo lako nalijua bila kukuona, hujui unagusa wapi. Chukua maka peni nyeusi, paka ile sehemu nyembamba inayoshuka kwenye makali, pande zote mbili, mpaka iwe nyeusi yote. Sasa weka kisu kwenye kinoo, pitisha mara mbili tu, inua uangalie. Wino umefutika sehemu ya juu na kwenye makali yenyewe umebaki? Umelaza kisu mno, unanoa mashavu. Umefutika kwenye makali yenyewe tu na juu umebaki? Umekisimamisha mno. Rekebisha, paka tena, pitisha mara mbili, mpaka ufutike wote kwa pamoja. Hiyo ndo pembe yako, mkono uikariri. Kwa visu vingi inakuwa kama nyuzi 20 kila upande, panga na shoka wima zaidi, 25 hadi 30, kwa sababu yanapigwa.

Ukishapata pembe, noa upande mmoja tu kwanza. Upande mmoja! Watu wanageuza geuza kila mara kama wanachoma chapati. Endelea upande huo huo mpaka ukipitisha kidole gumba upande wa pili, kutoka mgongoni kwenda nje ya makali, siyo kwa urefu wa makali tafadhali, unahisi kitu kinakwaruza kidogo sana, kama ukingo wa karatasi iliyokatwa vibaya. Huo ni mkunjo wa chuma, maana yake umefika kwenye makali kweli. Uhisi kutoka shina la kisu hadi ncha, pasipo na mkunjo bado hujafika. Ndo ugeuze, ufanye hivyo hivyo. Mwisho pitisha kidogo kidogo kwa kubadilishana, nguvu ukipunguza kila mara, mpaka uzito wa kisu wenyewe ndo unakandamiza. Afu kivute kwenye mkanda wa ngozi wa zamani, mgongo ukitangulia, mara ishirini kila upande, ule mkunjo unadondoka.

Jiwe lenye sura mbili linatosha maisha yote, upande wa namba 400 hivi wa kurudisha makali yaliyokufa na upande wa 1000 wa kumalizia. Lowesha maji, na usiweke mafuta leo maji kesho.

Panga usilipeleke kwenye hilo jiwe, utakesha. Panga ni chuma laini kuliko kisu, kwa makusudi, ili likigonga kitu kigumu lijipinde badala ya kumeguka. Linanolewa na tupa. Libane vizuri, sukuma tupa kwenda mbele tu, ukirudi inua, usiburuze, meno ya tupa yanakata upande mmoja. Vaa glavu mkono unaoshika tupa, siku tupa ikiteleza utanikumbuka. Na wala usilinoe lote, ile sentimita 10 karibu na mpini iache butu, hufyeki nayo na mara nyingine unataka kushika pale.

Msumeno wako wa kukunja ukishakuwa butu usihangaike, mingi ya kisasa meno yake yamekomazwa kwa moto na tupa ya kawaida haiyagusi kabisa. Badilisha bapa. Ndo maana unaponunua uliza kwanza kama bapa linauzwa peke yake.

SWALI: Fundi, mwanangu wa miaka tisa anataka kisu chake, kila tukienda kambini analilia. Nimpe?
– Mama Wawili

JIBU: Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, lakini wahenga hawakuwa wanalipa hospitali. Mpe dada, ila wewe ukiwa umekaa pembeni. Kisu cha ala kifupi chenye ncha ya mviringo, kikali kweli, maana kisu butu kinalazimishwa na kinachoteleza ni kile kinacholazimishwa. Siyo cha kukunja kwa mkono mdogo. Mfundishe kitu kimoja kabla ya vingine vyote, akate akiwa amekaa, viwiko juu ya magoti, kisu kikienda nje mbele ya magoti, kamwe si katikati ya mapaja. Ndani ya paja unapita mshipa mkubwa wa damu, na hapo ndo watu wazima wanaochonga wamejiinamia wanapoumia vibaya. Anyooshe mkono azungushe duara, mtu akiingia kwenye hilo duara kisu kinarudi kwenye ala. Na kwenye begi lenu kuwe na bandeji nene. Akijikata bonyeza moja kwa moja juu ya jeraha dakika kumi bila kuchungulia, kuchungulia ndo kunaanzisha upya.

SWALI: Nasafiri kwa ndege kwenda kupanda mlima nchi nyingine. Hivi vitu nibebe vipi?
– Mpandaji

JIBU: Vyote kwenye begi la mizigo linaloingia chini, hakuna hata kimoja mkononi, na ile plaizi usiisahau kwenye mfuko wa koti kwa sababu ndo inayosahaulika. Vifunge, kisu kwenye ala yake afu kizungushie taulo na kamba, anayekagua mzigo wako anaingiza mkono bila kuona.

Sheria za huko unakokwenda soma kabla ya kufunga begi, zinatofautiana vibaya mno. Uingereza kwa mfano kisu cha kukunja kisicho na loki na makali yake hayazidi inchi 3, kama sentimita 7.6, unatembea nacho bila kuulizwa sababu, lakini kikiwa na loki au ni cha ala lazima uwe na sababu ya maana ya kuwa nacho barabarani. Kwingine urefu si huo, kwingine mpaka namna kinavyofunguka inahesabiwa. Ukishuka usikivae kiunoni mjini, kiache chini kabisa ya begi mpaka ufike njia inapoanzia. Na kama mlima wenyewe ni wa mawe matupu na unalala kwenye vibanda vyenye jiko, soma tena nilichomjibu Mdogo Mtu, kakisu ka mfukoni kanakutosha na msumeno acha nyumbani.